Damu ya Kusini

1

Mama aliyeingia na mtoto begani hakupanga foleni, na wenzake hawakumlaumu. Waliuona mkono wa yule mtoto unavyoning'inia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kliniki, na kwenye mabenchi ya Kituo cha Afya cha Rwamisha walikuwa wamekaa akina mama kumi na wanane wakisubiri mzani. Sista Leokadia Bashemera, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa anamning'iniza mtoto mnene aliyekuwa anapiga mateke. Alimtoa kwenye mzani, akamrudishia mama yake, akamwambia yule aliyeingia, "Mlete huku ndani."

Alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, mwenye gauni la njano na kiatu kimoja. Kingine kilikuwa kimedondoka njiani. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia kulikuwa na bangili nyembamba yenye taa ya kijani, isiyo na pingili wala kishikizo. Leokadia aliitambua mara moja. Hakuna mtoto wa Kusini aliyevaa kitu kama kile.

"Mmetoka ng'ambo ya mto," alisema.

"Ndiyo, Sista. Mimi ni Kokugonza. Nimeolewa Kaskazini, lakini mama yangu ni wa hapa hapa. Tulikuja juzi kumwona." Alikuwa anahema. "Huyu anaitwa Alinda."

"Ana shida gani?"

"Sijui. Jana alicheza. Leo hakutaka chai, akalala sakafuni, nikimwamsha anafungua macho tu. Lakini bangili inasema mzima." Alimgeuza mtoto ili taa ionekane vizuri. "Ona, ni kijani. Mama ndiye aliyenifukuza nije."

Leokadia hakuitazama taa. Alifunua kope la chini la jicho, kisha akafungua kiganja. Vyote vilikuwa vyeupe. Alihesabu mapigo ya moyo shingoni, yakafika mia moja na sabini. Halafu akapasha mikono yake moto kwa kuisugua, akaiweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akabonyeza taratibu. Mahali ambapo tumbo la mtoto lilipaswa kuwa laini alikuta kitu kigumu kilichoshuka vidole vinne, karibu na kitovu.

"Ana selimundu?"

"Ndiyo, alizaliwa na ugonjwa huo wa damu. Lakini hajawahi kuumwa hata siku moja! Dawa inaingia yenyewe kwenye ngozi kila alfajiri, kupitia bangili."

"Nani huwa anampima bandama?"

Kokugonza alimkodolea macho. "Bandama?"

"Hili hapa. Nani alikufundisha kulishika?"

"Hakuna. Kwetu mtoto hashikwishikwi, Sista. Tangu azaliwe hajaguswa na daktari. Bangili inajua kila kitu."

Upande wa Kusini, mama mwenye mtoto wa selimundu hakuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi kabla hajajua kulitafuta bandama kwa vidole vyake. Muuguzi wa mtaa alipita nyumbani kila mwezi, akamwambia amwonyeshe, na akikosea alirudishwa kujifunza upya. Leokadia mwenyewe alikuwa na nyumba mia tatu na kumi na mbili. Alizijua kwa rangi za milango na kwa ukali wa mbwa wake. Bibi yake Alinda alikuwa mmoja wa watu wa nyumba hizo, na asubuhi ile alikuwa amemshika mjukuu wake tumbo kwa namna aliyofundishwa miaka thelathini iliyopita.

"Deus!" Leokadia aliita. Deus alikuwa mtaalamu wa maabara, na chumba chake kilikuwa ng'ambo ya korido. "Njoo uchukue damu. Wingi na kundi, haraka."

Deus alirudi baada ya dakika sita. Alimwonyesha Leokadia karatasi: tatu nukta nne. Mtoto wa ugonjwa ule huishi vizuri tu na nane.

"Rudia."

"Nimesharudia, Sista."

Leokadia aliweka kidole juu ya bangili. Tarakimu zikatokea hewani, ndogo na safi: nane nukta moja.

2

Sauti iliyotoka kwenye bangili ilikuwa ya mwanamke, tulivu, yenye lafudhi ya Kaskazini. "Alinda ni mzima. Kipimo kamili kinachofuata ni saa kumi na mbili jioni."

"Nataka mtu," alisema Leokadia.

"Alinda ni mzima. Hakuna dharura."

"Mimi ni muuguzi wa Kusini, na nasema kuna dharura. Nipe mtu."

Alirudia mara tatu. Mara ya nne kioo cha mawasiliano cha ukutani kiliwaka, akaonekana mwanaume wa makamo mwenye miwani, amekaa mbele ya ukuta wenye nukta za kijani zisizohesabika. Alijitaja kuwa ni Daktari Kaijage, wa zamu. Watoto waliokuwa chini yake asubuhi ile, alisema bila kujisifu, walikuwa laki mbili na elfu kumi.

"Bandama limemeza damu yake," Leokadia alimwambia. "Limevimba vidole vinne. Wingi wa damu ni tatu nukta nne. Nataka kumwongezea."

Daktari alisoma kitu pembeni. "Kwangu ni nane nukta moja."

"Tangu lini?"

"Ni wastani wa saa ishirini na nne. Bangili inapima kwa mwanga kupitia ngozi. Mtoto akilia au mkono ukipoa, tarakimu zinayumba. Tungepokea kipimo cha kila dakika, tungekuwa na kengele elfu za bure kwa siku. Kwa hiyo tunachukua wastani."

"Huyu ameishiwa damu tangu alfajiri. Wastani wako unahesabu na jana alipokuwa anacheza."

Daktari alisoma tena pembeni. Hakuwa mtu mkorofi, Leokadia aliliona hilo, na lilimuudhi zaidi.

"Sista, inawezekana. Inawezekana pia mashine yenu imekosea. Lakini lazima nikueleze kuhusu damu. Bangili inapanga dawa ya kila siku kwa kuisoma damu ya mtoto mwenyewe. Damu ya mtu mwingine ikiingia, haiwezi tena kuhesabu dozi, na dozi isiyo sahihi inaua. Kwa hiyo inajifunga na kuachia mkono. Wazazi wote wametia saini Mkataba wa Malezi. Mzazi anayekubali tiba ya nje anamtoa mtoto kwenye daftari, na mtoto akitoka harudishwi."

"Wewe unashauri nini?"

"Kanuni inasema msubiri kipimo cha saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili nitakuonyesha maiti, Daktari."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Nimekwambia kanuni inavyosema," alijibu kwa sauti ya chini. Kioo kikazimika.

Kokugonza alikuwa amesikia yote. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa mwanawe mkononi, ule usio na kiatu.

Leokadia alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane. Angeweza kusema maneno machache tu na mama huyu angekubali lolote. Alijua hivyo, na kwa sababu hiyo aliamua kusema mengi.

"Mama Alinda, nisikilize. Nisipomwongezea damu, sidhani kama atafika saa nane. Nikimwongezea, nina imani ataamka. Hilo ni la leo. La kesho ni kwamba bangili itaanguka, na dawa yake haitengenezwi huku. Sisi tuna vidonge vya zamani. Vinasaidia. Lakini mwaka jana wakati wa masika vilikosekana wiki tisa, na nikampoteza mtoto anaitwa Filberti, wa miaka sita, pale kitanda cha dirishani. Nilikuwa nimemshika. Kwenu mtoto kama Filberti hafi. Nakwambia ili usije ukasema nilikuficha."

Kokugonza aliitazama ile taa ya kijani kwa muda.

"Hapa watoto wanakufa kwa kukosa dawa," alisema polepole.

"Baadhi, ndiyo."

"Na kwetu?"

"Kwenu sijui. Namjua huyu tu aliye mbele yangu."

Mtoto alitoa sauti ndogo, kama anayetaka kuuliza kitu akasahau. Kokugonza aliinuka.

"Mwekee," alisema. "Mimi mama yake nimesema. Mwekee sasa hivi."

3

Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja tu wa kundi lake. Deus aliupambanisha na damu ya mtoto, akautikisa kwa upole, akatoa kichwa mlangoni: "Zinapatana."

Mshipa haukutaka kuonekana. Leokadia aliutafuta kwenye mkono wa kushoto akaukosa, akatafuta mguuni akaukosa, akaupata mara ya tatu juu ya kifundo cha mguu. Alifungua klempu ya mrija. Tone la kwanza lilishuka saa nne na dakika tano.

"Mililita sabini tu," alimwambia Deus, "halafu tunapima."

"Mfuko mzima una mia mbili na hamsini," alisema Kokugonza, akisoma maandishi yake. "Kwa nini msimpe yote?"

"Kwa sababu damu yake haijapotea. Imefichwa humu." Alimshika mkono, akauweka chini ya mbavu za mwanawe. "Bandama likianza kulegea litairudisha, na nikiwa nimemjaza mpaka juu, moyo utazidiwa. Bonyeza. Si kwa ncha, kwa ubapa wa vidole. Unasikia ukingo wake?"

"Nasikia." Macho yake yalijaa machozi. "Sista, nasikia. Lilikuwa hapa tangu lini?"

"Kaa hapo. Uniambie likisogea."

Baada ya mililita ishirini, bangili iligeuka njano. Ile sauti tulivu ilisema kuwa imetambua damu isiyo ya Alinda, ikamtaka mzazi athibitishe kama tiba hii imefanyika kwa ridhaa yake. Ilirudia swali lile lile mara tatu, na kila mara ilisubiri kwa heshima.

"Ndiyo," alisema Kokugonza mara ya tatu, mkono wake ukiwa bado tumboni. "Ni ridhaa yangu. Nyamaza."

Taa ilizimika. Bangili ikapasuka katikati bila kelele, ikaanguka sakafuni karibu na stendi ya dripu. Chini yake ngozi ilikuwa imepauka, mstari mwembamba ambao haukuwahi kuona jua.

Hakuna aliyeiokota. Leokadia alihesabu matone, akahesabu mapigo, akaandika kila dakika kumi na tano kwenye kitabu cha wodi: mapigo, pumzi, joto, vidole vya bandama. Akina mama wa kliniki walipanga wenyewe foleni ya mzani na kusomeana uzito. Saa saba kasoro mapigo yalikuwa mia moja na thelathini. Kokugonza alisema bandama limepanda, sasa ni vidole viwili na nusu. Leokadia akapima mwenyewe. Mama alikuwa sahihi.

Saa saba na robo Alinda alifungua macho, akamtazama mtu mwenye nguo nyeupe aliyeinama juu yake, akakunja uso.

"Nataka kukojoa," alisema.

Deus alicheka kwa sauti mpaka akalazimika kutoka nje. Leokadia aliiandika saa kwenye kitabu cha wodi, akainama kutafuta beseni chini ya kitanda.

4

Siku ya sita waliitwa kwenye ofisi ya mpakani, kichwani mwa daraja la mto Kanyegere. Leokadia alienda na kitabu cha wodi kwenye mkoba. Kokugonza alimbeba Alinda mgongoni, ingawa mtoto alidai anaweza kutembea.

Hawakutegemea kumkuta Daktari Kaijage mwenyewe. Ana kwa ana alikuwa mfupi, na alikuwa amechoka. Alimwangalia mtoto aliyekuwa anakula ndizi mbivu na kuipaka mezani. Alimwangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni fomu ya kumfuta," alisema hatimaye. "Lakini kuna njia. Mkataba unamhukumu mzazi aliyekubali. Kama muuguzi alitoa damu bila ridhaa ya mzazi, mtoto hana kosa wala mama hana kosa. Anarudishwa leo hii." Aligeuza karatasi kuelekea kwa Leokadia. "Sauti ya mama iliyorekodiwa inaweza kuelezwa kuwa alishurutishwa. Unatia alama hapa, na unatia saini."

"Na mimi?"

"Utapelekwa kwenye baraza la wauguzi la kwenu. Utanyang'anywa leseni, nadhani."

Usiku uliotangulia Leokadia alikuwa ameshakisia kwamba wangemtaka hivyo, na jibu lake lilikuwa tayari. Mtoto mmoja mwenye dawa maisha yake yote, dhidi ya koti lake jeupe. Nyumba mia tatu na kumi na mbili zingepata mtu mwingine, siku moja. Alichukua kalamu.

"Usiandike," alisema Kokugonza.

"Mama Alinda, ukweli ukisemwa, anayeadhibiwa ni huyu anayekula ndizi. Si mimi, si wewe."

"Najua. Nimelia siku tano kwa sababu najua." Sauti yake ilikuwa imekauka lakini haikuyumba. "Lakini ukiandika kwamba sikukubali, kwenye vitabu vyao itaonekana bangili ilikuwa sawa na nesi alikuwa mhalifu. Kesho mama mwingine wa kule kwetu ataambiwa asubiri saa kumi na mbili. Atasubiri, Sista. Hata mimi ningesubiri, kama mama yangu asingenifukuza nyumbani."

Leokadia aliweka kalamu chini. Alitamani mwanamke huyu angekuwa mwoga kidogo, mambo yangekuwa rahisi. Kisha akamgeukia daktari.

"Sheria yenu inasema nini bangili ikikosea?"

"Bangili haijawahi kukosea."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza sheria inasema nini."

Daktari Kaijage alichelewa kujibu. "Kuna Taarifa ya Hitilafu. Kifungu cha arobaini. Mtaalamu aliyemtibu mtoto anaweza kuiwasilisha na ushahidi. Ikipokelewa, kufutwa kunasimama mpaka uchunguzi uishe, na mtoto anavalishwa bangili nyingine kwa muda."

"Inaweza kuipima upya damu yake?"

"Baada ya miezi minne, damu ya kigeni ikiisha. Mpaka hapo atatumia dozi ya kuanzia, kama mtoto mchanga."

"Mbona hukuanza na hiyo?"

"Kwa sababu haijawahi kutumika. Kwa sababu usipothibitisha, utashtakiwa kwetu kwa kumtibu raia bila kibali, na hilo ni gereza, si leseni. Na kwa sababu," alisita, "inahitaji saini ya daktari aliyekuwa zamu, akiri kwamba alipewa taarifa na akaelekeza wasubiri."

Mtoto alidondosha ganda la ndizi. Hakuna aliyeinama kuliokota.

Leokadia alifungua mkoba, akatoa kitabu cha wodi, akakifungua ukurasa wa siku ile. Mistari ilikuwa imejaa mwandiko wake wa haraka: saa, mapigo, vidole. Juu kabisa alikuwa ameandika siku ile ile tarakimu mbili kwa kalamu nyekundu, tatu nukta nne na nane nukta moja, na kando yake Deus alikuwa ametia saini.

"Andika jina langu kwenye kifungu cha arobaini," alisema. "Nitakuja mahakamani kwenu kwa miguu yangu. Na wewe, Daktari, fanya utakavyoona. Siwezi kukushika mkono ukatia saini."

Kaijage alikivuta kile kitabu. Alisoma ukurasa wote, kuanzia juu hadi chini, kidole chake kikifuata mistari kama mwanafunzi. Halafu akamwita karani wa mpakani, akaomba fomu ya kifungu cha arobaini. Karani alilazimika kwenda kuitafuta chumba cha nyuma. Aliporudi nayo, daktari alijaza nafasi yake kwa herufi kubwa zinazosomeka: NILIPEWA TAARIFA. NILIWAELEKEZA WASUBIRI. Akatia saini, akampa Leokadia naye atie.

Bangili mpya ililetwa kwenye kisanduku. Alinda aliikataa, akaficha mkono nyuma, akabembelezwa, mwishoni akakubali ivaliwe mkono wa kushoto na si wa kulia. Taa iliwaka njano, rangi ya anayechunguzwa. Kokugonza alimfunika mwanawe kichwa kwa kanga na kumkumbatia, mabega yake yakitikisika bila sauti.

Leokadia alisimama ili waondoke. Daktari hakusimama.

"Sista, kaa kidogo."

Alifungua begi lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilionekana imefunguliwa na kukunjwa tena mara nyingi.

"Ile siku, baada ya kuzima kioo, niliangalia ile nukta yake mpaka ikazimika. Nikadhani amekufa, maana rekodi ya ridhaa ya mama ilikuwa haijanifikia. Kesho yake nikaiuliza mashine jambo ambalo hakuna aliyewahi kuiuliza: nionyeshe watoto wa selimundu waliofariki ghafla, taa ikiwa kijani, kwa miaka mitano." Alinyoosha karatasi juu ya meza, juu ya utelezi wa ndizi. "Ni kumi na mmoja. Wote tuliandika kifo kisichozuilika. Saba kati yao, saini ni yangu. Nilikuja na karatasi hii leo bila kujua kama nitaitoa."

Kokugonza aliacha kulia. Karani wa mpakani alisimama mlangoni na kisanduku kitupu mkononi.

Leokadia alikaa. Alifungua kitabu cha wodi kwenye ukurasa mtupu, akapiga mstari juu kwa ukingo wa ile fomu, akashika kalamu.

"Wa kwanza aliitwa nani?"

Daktari Kaijage alirekebisha miwani yake.

"Jovinata," alisoma. "Miaka mitatu. Wa Kyamate."

Leokadia aliandika.

"Na wa pili?"